Yote Yamo Ndani ya Milimita Moja

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, wauguzi na madaktari wenzangu, asanteni kwa kunialika.

Aliye na kadi ya benki naomba aitoe. Msihofu, sichangishi. Ishikeni kwa ukingo mtazame unene wake. Unene huo ni robo tatu ya milimita. Bandikeni karatasi mbili juu yake mtakaribia milimita moja kamili. Nimekuja kuzungumzia milimita hiyo, kwa sababu wako watu waliopasuliwa tumbo bila haja kwa kuwa hakuna aliyeipima, na wako waliokataa kupasuliwa ilhali saratani ya utumbo mpana ilikwisha kuivuka zamani.

Habari yenyewe huanza hivi. Mtu amekwenda kupimwa utumbo mpana kwa kamera, kipimo tunachokiita kolonoskopia. Labda aliona damu chooni, labda damu yake inapungua na sababu haijulikani, labda ametimiza tu umri wa kupimwa. Daktari akaona kinyama kimeota ndani, akakinasa kwa kitanzi, akakikata, akakipeleka maabara. Kinyama hicho ndicho polipu. Mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo, akalala usingizi wake. Wiki mbili baadaye simu inalia: majibu yametoka, polipu ilikuwa na saratani. Kuanzia hapo masikio yanaziba. Daktari anaendelea kueleza, mgonjwa anasikia kisu. Familia inakaa kikao. Mmoja anasema apasuliwe kesho, mwingine anasema asiguswe kabisa, eti saratani ikiguswa na kisu husambaa. Wote wawili wanabishana huku wakilikosa swali lenyewe: ile saratani imetoka yote na kinyama chake, au imeacha kitu nyuma?

Ili kulijibu lazima tuutazame ukuta wa utumbo. Utumbo mpana una urefu wa kama mita 1.5, na ukuta wake ni mwembamba. Kule mwanzoni, upande wa kulia, unene ni milimita 2 au 3 tu. Wembamba huo umegawanyika katika matabaka. Fundi cherehani angesema ni koti lenye bitana. Bitana ni utando wa ndani, laini, unaoteleza, na ndiko polipu zinakoota. Kati ya bitana na kitambaa pana tabaka legevu lenye nyuzinyuzi, na humo ndimo inamopita mishipa ya damu na ya limfu, yaani ya majimaji ya mwili yanayokwenda kwenye tezi. Kitambaa chenyewe ni misuli inayosukuma choo. Kisha, kwa nje, kuna ngozi nyembamba ya kufunikia.

Saratani ya utumbo mpana huanzia kwenye bitana. Maadamu haijatoka humo, haina njia ya kwenda popote, maana mishipa ya limfu ambayo ingeibeba ni kama haipo katika tabaka hilo. Ndiyo maana madaktari wa patholojia, wale wanaochunguza vinyama kwa hadubini maabara, hawajakubaliana juu ya jina. Kinyama kilekile, Mjapani ataandika saratani. Mwenzake wa Ulaya ataandika mabadiliko makali ya seli, na neno saratani atalikataa katakata. Kwa hili mimi nipo upande wa Ulaya. Neno hilo likishatamkwa mbele ya mgonjwa haliokoteki. Polipu ya namna hiyo ikitolewa yote, kazi imekwisha, na anayewaambia mkapasuliwe kwa ajili yake mwombeni awaeleze upya.

Mambo hubadilika saratani inapotoboa bitana ikaingia kwenye lile tabaka la mishipa. Sasa ina barabara. Hatua hii vitabuni huitwa T1, na humu ndimo ubishi wote ulimo. Tukiwachukua wagonjwa 100 wa hatua hii tukawapasua wote, tukazikagua tezi za limfu zinazopakana na utumbo, tutakuta saratani kwenye tezi za watu kama 10. Igeuzeni hesabu hiyo. Watu kama 90 wamekatwa utumbo, wamelazwa, wameshonwa, na tezi zao zilikuwa safi tangu mwanzo. Kama tungeweza kuwatambua mapema wale 10, wale 90 tungewaacha na matumbo yao.

Tunaweza kuwatambua, ingawa si kwa uhakika wa asilimia mia. Kifaa chetu ni hadubini, na jambo la kwanza tunalolitafuta ni kina. Wajapani ndio waliokaa na rula. Mwaka 2004 walichapisha utafiti uliokusanya wagonjwa kutoka hospitali kadhaa, na kwa polipu zisizo na shina ambazo saratani ilikuwa imezama chini ya mikromita 1,000, hawakukuta hata mgonjwa mmoja ambaye tezi zake zilikuwa zimeshika saratani. Mikromita 1,000 ndiyo ile milimita ya kadi yenu. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba si sifuri kabisa, lakini mstari umebaki palepale.

Kina peke yake hakitoshi. Daktari wa patholojia anatazama pia kama kuna seli za saratani ndani ya mshipa wa damu au wa limfu. Akizikuta humo, abiria ameshapanda gari. Anatazama sura za seli: bado zinafanana na seli za utumbo, au zimevurugika kiasi kwamba huwezi kujua zilitoka wapi? Anatazama ukingo uliokatwa, kama saratani imefika kwenye alama ya kuungua. Na kuna jambo ambalo limepewa uzito miaka ya karibuni, tunaloliita vichipukizi: kwenye mpaka wa mbele wa uvimbe hutokea seli 1 hadi 4 zimejitenga na kundi, zinatangulia kama wapelelezi. Zikiwa nyingi, si dalili njema.

Hayo yote yakiwa safi, uwezekano wa tezi kushika hushuka mpaka kama mtu 1 au 2 kati ya 100. Sasa uweke upasuaji kwenye mizani. Kukatwa kipande cha utumbo ni upasuaji mkubwa. Hata mikononi mwa wapasuaji wazuri, mgonjwa 1 au 2 kati ya 100 huweza kupoteza maisha, na kwa wazee wenye maradhi ya moyo au mapafu idadi hiyo hupanda. Bado hujataja mshono unaovuja, kidonda kinachooza, na pale penye saratani iliyo karibu na njia ya haja kubwa, mfuko wa choo tumboni, au mishipa ya fahamu ya mkojo na ya unyumba kujeruhiwa. Hatari unayoikimbia ikilingana na hatari unayoiendea, kuna haja ya kukaa chini.

Sijaja hapa kuwasema wapasuaji. Nitawapa mifano miwili mnayoweza kuikumbuka.

Julai 1985 Rais Ronald Reagan wa Marekani alikwenda kutolewa polipu ndogo. Kamera ilipofika mwisho, kwenye mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana, ikakuta nyingine ya kama sentimita 5. Kesho yake akapasuliwa, akakatwa upande mzima wa kulia wa utumbo, na kwa muda wa kama saa 8 makamu wake, George Bush, alishika madaraka. Maabara ikasema ni saratani, na imekwisha kuingia kwenye misuli. Tezi zilikuwa safi. Reagan aliishi mpaka 2004. Pale kitanzi kisingefaa hata kidogo. Aliyempasua alifanya lililo sawa.

Novemba 2021 ikawa zamu ya Joe Biden. Polipu ya milimita 3, upande uleule wa kulia, ikatolewa kwa kamera. Kamala Harris alikuwa kaimu rais kwa dakika 85. Polipu hiyo haikuwa na saratani, ilikuwa ya aina ambayo ikiachwa miaka mingi huweza kugeuka. Saa 8 na dakika 85. Hapo katikati, kati ya milimita 3 na sentimita 5, ndipo wanapoangukia wengi wa wale ninaowazungumzia.

Hii kazi ya kukata kwa kitanzi si ya jana. Mwaka 1969 huko New York, Hiromi Shinya na William Wolff walipitisha waya mwembamba ndani ya kamera ndefu, wakaufanya kitanzi, wakakikaza shingoni mwa polipu na kupitisha umeme. Kabla ya hapo polipu iliyo juu utumboni ilitolewa kwa kufungua tumbo. Fikirini: tumbo zima lipasuliwe kwa kitu cha ukubwa wa harage! Kitanzi chao hakijabadilika sana. Kilichobadilika ni yanayofanyika kabla ya kukikaza.

Polipu nyingine zina shina, kama uyoga. Hizo ni rahisi, na mpatholojia mmoja Mmarekani, Rodger Haggitt, alizipangia ngazi mwaka 1985: saratani imo kichwani, imefika shingoni, imeshuka kwenye shina, au imeingia kwenye ukuta ambako shina limesimama. Ikiwa haijafika ukutani na dalili mbaya nyingine hazipo, kulikata shina hutosha. Nyingine hazina shina, zimelala bapa kama utandu juu ya maji, na hizo ndizo zinazotutoa jasho.

Kwa polipu bapa huanzi kwa kukata, unaanza kwa kutazama. Kamera za sasa zinakuza, na zina taa ya buluu inayoichora mishipa midogo. Juu ya polipu utaona vitundu vya tezi za utando, vimepangika kama vinyweleo vya ngozi, na kuna elimu nzima, aliyoianzisha Shin-ei Kudo wa Japani, ya kusoma mpangilio wa vitundu hivyo. Vikiwa na mpango, hata kama ni mpango wa ajabu, saratani ikiwepo huwa ya juujuu. Vikifutika, mahali pakabaki kama ukuta uliobanduka rangi, saratani imezama. Hapo unatoa kisampuli kidogo, unachora alama, unarudisha kamera nje na kumpigia mpasuaji. Nikimfundisha kijana kazi hii, namsifu zaidi siku anapoamua kutokata.

Tukiamua kukata, tunachoma sindano pembeni ya polipu na kuingiza maji ya chumvi, au kitu kizito kidogo, yaliyotiwa rangi ya buluu. Maji yanajaa kwenye lile tabaka legevu kati ya bitana na kitambaa, na polipu inanyanyuka. Nawaambia, hata baada ya miaka yote hii ni kitu cha kupendeza kukitazama: kinavimba taratibu kama lengelenge, buluu inaonekana kwa chini, na ghafla palipokuwa bapa pana kilima chenye kingo. Maji hayo ndiyo mto unaotenganisha kisu na misuli. Pasiponyanyuka, tunasimama. Aidha saratani imeshona matabaka pamoja, au mtu alitutangulia akaacha makovu.

Hili la makovu lina uchungu wake kwangu. Niliwahi kuletewa mama mmoja mwenye polipu bapa ya sentimita 2.5, kutoka hospitali ambayo sitaitaja. Wenzetu walikuwa wameing'ata kwa koleo mara sita kutafuta sampuli, kisha wakachoma wino wa kuweka alama chini yake hasa, siyo kando. Wino ule ni wa kaboni, haufutiki, na umewekewa mpasuaji, maana yeye akitazama utumbo kwa nje polipu haoni. Bila wino atakata asipopajua. Lakini wino huwekwa sentimita chache kutoka kwenye polipu. Nilipochoma maji, pembe moja ilinyanyuka, katikati pakagoma kama nguo iliyogandishwa na gundi. Kazi ya dakika 40 ikawa ya saa 3. Daktari mwenzangu uliyemo humu, ukiona polipu bapa inayotia shaka, piga picha nzuri, weka kamera chini, mpeleke mgonjwa anakostahili. Usiing'ateng'ate.

Polipu isiyozidi sentimita 2 kwa kawaida hunaswa na kitanzi kwa mkupuo mmoja. Ikizidi hapo, kitanzi huitoa vipande vipande. Kwa polipu isiyo na saratani, vipande si neno, ilimradi urudi kukagua. Kwa yenye saratani, au inayotiliwa shaka, vipande ni balaa, na sababu nitawaeleza kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka hiyo nilikuwa na haraka ya ujana. Mzee mmoja, mtu mzima wa miaka 70 na kitu, polipu ya sentimita 3, imebonyea katikati. Ule mbonyeo ulipaswa kunisimamisha. Nikanyanyua, nikakata: vipande sita. Nilijisifu kwamba sikuacha kitu. Siku ya tisa mpatholojia akanipigia. "Daktari, kwenye kipande kimoja kuna saratani. Kimekaa upande gani? Juu ni wapi, chini ni wapi? Umeniletea chungu kilichovunjika, unaniuliza kilikuwa na ufa wapi." Sikuwa na jibu. Kina hakikupimika, ukingo haukujulikana, na kwa kuwa hatukujua tukalazimika kuchukulia kwamba ni vibaya. Mzee akapasuliwa. Kipande cha utumbo kilipochunguzwa hakikuwa na saratani hata chembe, wala kwenye tezi. Lakini mshono ulivuja, akakaa hospitali wiki tano. Aliponirudia kliniki alikuwa amepungua sana. Nikamweleza majibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo, mwanangu, nilipasuliwa ili tujue kwamba hapakuwa na haja ya kupasuliwa?"

Nikamwambia ndiyo, Mzee. Na aliyesababisha ni mimi.

Ndiyo sababu tukajifunza njia nyingine, iliyoanza Japani kwa ajili ya saratani ya tumbo na kuenea kwenye utumbo mpana. Badala ya kitanzi unatumia kisu cha umeme chenye ncha ya milimita 1 au 2 kinachotokeza mdomoni mwa kamera. Unanyanyua kwa maji, unachora duara kuizunguka polipu, kisha unaingia chini yake na kulichana lile tabaka la buluu uzi kwa uzi, ukiibandua polipu kama mtu anayechuna ngozi bila kuitoboa. Saa 1, saa 2, mara nyingine zaidi. Kila mshipa unauchoma kabla haujatoa damu. Mwisho kinatoka kitu kimoja, kizima, chenye juu na chini. Kwa vinyama vidogo vilivyoshikana na kovu kuna kifaa kingine, ambacho hubana ukuta wote kwa kibanio kwanza, kisha hukata kipande chenye matabaka yote juu ya kibanio hicho, misuli ikiwemo.

Kinachofuata hufanyika mezani pembeni, na wagonjwa hawakioni. Kile kipande tunakilaza juu ya ubao laini, tunakinyoosha kwa vidole na kukibana kwa pini ndogo kuzunguka ukingo wote, kama ngozi inavyowambwa. Ukikitumbukiza kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, bila kukiwamba, hujikunja kama jani kavu, na mpatholojia hataweza kupima kina chochote. Pini 15 hadi 20, dakika tano za kazi. Nimeona saa 3 za ustadi zikipotea kwa uvivu wa dakika tano. Kikishakuwa kigumu ndani ya formalini, mpatholojia anakikata vipande vyembamba vya milimita 2 au 3, sambamba, na hapo ndipo rula inapowekwa.

Hatari zipo na mgonjwa anapaswa kuzisikia kabla ya kusaini. Utumbo waweza kutoboka; kwa kuchuna kwa kisu, pengine watu 5 kati ya 100 au chini ya hapo, na wengi wao tunaziba hapohapo kwa vibanio vya chuma kupitia kamera ileile. Wachache huishia kwa mpasuaji usiku huo. Damu yaweza kutoka papo hapo, au ikangoja. Inaweza kuja hata wiki mbili baadaye, ukiwa umeshasahau. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atuambie mapema, asizikatize kwa uamuzi wake. Maumivu ya kukata hayapo, maana utando wa utumbo hauhisi kisu. Unahisi kuvutwa na kujaa upepo. Kwa hiyo tunajaza gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo mwili huinywa haraka kuliko hewa ya kawaida.

Na tumbo lisafishwe. Wagonjwa wangu wanalalamikia dawa ya kuharisha kuliko kitu kingine chochote, na wana haki, kuimeza si mchezo. Lakini sikilizeni. Zamani walitumia sukari iitwayo manitoli kusafishia. Bakteria wa utumboni huila wakatoa haidrojeni. Mwaka 1979 iliripotiwa habari ya mgonjwa ambaye umeme wa kitanzi ulikutana na gesi hiyo, utumbo ukalipuka, akafariki. Manitoli ikaachwa kwa kazi hii. Dawa za leo hazitoi gesi hiyo, ila zinataka zinywewe zote: nusu jioni, nusu asubuhi ya kipimo. Anayemwaga nusu ya pili kwenye sinki anajifichia mwenyewe polipu zake.

Sasa nani apasuliwe? Ripoti ikirudi na moja ya zile dalili mbaya, saratani imevuka milimita, imeonekana ndani ya mshipa, seli zimevurugika, vichipukizi ni vingi au ukingo si safi, pendekezo la kawaida ni upasuaji, kwa sababu kamera haiwezi kutoa tezi. Mpasuaji huondoa kipande cha utumbo pamoja na tezi zake, na huhitajika angalau tezi 12 za kukaguliwa ili jibu liaminike. Kuanza na kamera hakukuharibii nafasi hiyo. Waliotolewa polipu kwanza kisha wakapasuliwa hawajaonekana kufanya vibaya kuliko waliokwenda kwa kisu moja kwa moja. Lakini dalili hizo hazina uzito sawa. Kina peke yake, bila ndugu zake, ni dhaifu kuliko tulivyofikiri miaka 20 iliyopita. Mshipa wenye seli ndani ni mzito. Mtu wa miaka 45 mwenye afya na dalili moja, mimi nitamsukuma kwenda kwa mpasuaji, tena bila aibu. Mzee wa miaka 84 mwenye moyo uliochoka na dalili hiyohiyo moja, nitakaa na wanawe, nitataja namba zote mbili, na akisema "niacheni, mtanikagua kwa kamera," nitamheshimu. Asiyetaja namba zote mbili, awe mpasuaji au mtu wa kamera kama mimi, anawauzieni kitu.

Kwa hiyo ombeni ripoti, nakala yenyewe, mkononi. Si "majibu mazuri" wala "majibu mabaya" ya kwenye simu. Muulizeni daktari: polipu ilitoka nzima au vipande? Kina ni mikromita ngapi? Kwenye mishipa kuna kitu? Ukingo uko safi? Ikiwa ripoti haisemi kina, omba vioo vya maabara vyenye vipande vya polipu yako vipelekwe kwa mpatholojia mwingine anayeyajua ya utumbo. Hakuna ubaya, na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayenuna. Wiki mbili za kungoja jibu la pili haziipi saratani ya hatua hii muda wa maana. Safari ya kutoka polipu mpaka saratani kwa kawaida huchukua kama miaka 10.

Waliobaki bila kupasuliwa wana deni la kurudi. Ikiwa polipu ilitoka vipande, kamera irudi baada ya miezi 3 hadi 6, itazame kovu. Ikiwa ilitoka nzima, baada ya mwaka mmoja, na baadaye kwa nafasi ndefu zaidi. Wengine wataongezewa picha ya CT na kipimo cha damu. Yule mzee wangu wa vipande sita, pamoja na yote niliyomfanyia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila mwaka, amevaa koti lake, amebeba bahasha ya majibu ya nyuma yote yakiwa yamepangwa kwa tarehe. Nilipomuuliza kwa nini hakubadilisha daktari, alisema mwingine angemlazimu kuanza kumweleza upya.

Nipo hapa mpaka saa sita. Waliokuja na ripoti zao, waje nazo pale kwenye meza ya kushoto tuzisome pamoja. Na yule mwenye ripoti ya simu tu, aje anipe jina la maabara.